Ngozi ni Kitenzi

Utotoni mwangu chunusi alikuwa na makazi. Alikaa kwenye kilindi cha mkono wa mto nyuma ya nyumba ya bibi, huko deltani Rufiji, mahali ambapo maji yanaonekana yametulia kabisa. Tulikatazwa kuoga pale maji yakijaa. Mamba tulimwona mara mojamoja akiota jua kwenye tope chini ya mikoko, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Chunusi hakuna aliyemwona, na ndiyo maana tulimwogopa zaidi. Mtu akizama naye anajua kuogelea, wazee walisema kavutwa na chunusi.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, nikiwa tayari nasoma Kibiti mjini, shangazi alinishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea mwanga wa mlango, akasema, "Haya, chunusi hizo zimeshaingia. Umekua." Nilishtuka kama niliyeambiwa yule wa mtoni amenifuata hadi barabara ya Kilwa. Maana zote mbili zimo kamusini, ya majini na ya usoni, na kwa mtoto wa delta zilikuwa na tabia moja: kitu kinachokaa chini ya uso uliotulia, kinachopanda kwa wakati wake, bila kubisha hodi.

Wakati wake ndio uliokuja kunisumbua miaka mingi baadaye, nilipoombwa kuandika kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya wasichana wa sekondari, kuhusu utunzaji wa ngozi kufuatana na hedhi. Rasimu ya lugha ya kigeni ilikuwa nyepesi kusoma. Iligawa mwezi wa mwanamke katika sehemu nne, na kila sehemu ikapewa jina, hali ya ngozi na ushauri. Nilidhani ni kazi ya siku tatu. Ikawa ya miezi, kwa sababu ya jambo nililokuwa sijaliona katika lugha yangu mwenyewe.

Tazama tunavyosema. Mwanamke yuko kwenye siku zake. Ameziona siku zake. Amemaliza siku zake. Ameingia mwezini. Pwani ya Kibiti, ambako wengi ni Waislamu, mama akiulizwa mbona hajaenda kuswali atasema tu, "Siswali," na aliyeuliza ameshaelewa, mazungumzo yanaendelea. Maneno ni mengi na ni ya staha. Lakini yote yanahusu siku zile nne au tano au saba za damu. "Siku zake" ni hizo tu. Je, zile siku ishirini na kitu zilizobaki, ni za nani? Sheria ya dini inazo kwa jina la twahara, yaani wakati wa usafi, na hapo hesabu yake imekwisha kwa sababu inachotafuta ni ibada. Lugha ya nyumbani inazipita kimya. Na humo ndani ya kimya hicho ndimo yai linamokomaa na kutoka, homoni zinamopanda na kushuka, na ngozi ya uso inamobadilika mara tatu au nne. Chunusi za msichana hazisubiri siku zake. Kwa kawaida zinamtokea wiki moja kabla, katika siku ambazo hazina jina.

Nilianza na maneno yaliyokuwa tayari mezani. Homoni halikunipa taabu. Watu wengine wanapenda kichocheo, nami naliheshimu neno hilo, ila wanakemia wamelishika kwa kazi nyingine na mwanafunzi atakutana nalo huko akachanganyikiwa. Homoni limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha, kutia mwendo. Ernest Starling, mwanafiziolojia wa London, ndiye aliyelitoa hadharani mwaka 1905. Kumbe hata wao walipotafuta jina la kitu kisichoonekana, walikwenda kwenye kitenzi. Jambo hilo nililiweka akiba.

Hedhi ni la Kiarabu, na hapo nilikaa muda mrefu kwa raha. Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walilieleza neno hilo kwa mfano wa bonde: husemwa bonde limefanya hivyo linapotiririka maji. Wakalieleza pia kwa mti, aina ya mgunga, unaotoa utomvu mwekundu kama damu. Mtu wa Rufiji hahitaji kufafanuliwa lolote kati ya hayo mawili. Mto anao mlangoni. Na mti anao: mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, rangi iliyotumika pwani nzima. Neno hilo limevuka bahari likafika mahali panapofanana na maana yake. Sioni sababu ya mtu kuona haya kulitamka darasani.

Kuvunja ungo nalo nililipenda kwa namna nyingine. Msichana anapoona damu mara ya kwanza husemwa amevunja ungo. Kibiti na Rufiji ni nchi ya mpunga, na ungo ni chombo kilicho mkononi mwa kila mwanamke msimu wa mavuno, kikirusha wishwa na kubakiza mchele. Baada ya ungo kuvunjika msichana huwa mwali, anakabidhiwa kwa somo au kungwi, anafundwa. Mafunzo hayo yalikuwa na elimu ya mwili, na elimu ya ngozi ilikuwamo: liwa iliyosagwa kwa maji juu ya msio, jiwe lake maalumu, manjano, kujisinga. Mwali aliyetolewa nje alitambulika kwa ngozi yake kabla hajasema neno. Ila hata kungwi, kwa yale niliyofundishwa mimi, alizungumzia zaidi namna ya kujisitiri wakati wa damu na namna ya kuoga inapokatika. Zile siku nyingine alizipita vilevile.

Istilahi ya kitaalamu inayotarajiwa kuziba pengo hilo ni "mzunguko wa hedhi". Imeenea, imo vitabuni, sina nia ya kuifukuza. Lakini haisaidii kitu. Mzunguko ni wa gurudumu, wa feni, wa mtu aliyepotea porini. Gurudumu likizunguka, kila sehemu yake inafanana na nyingine. Hakuna juu wala chini ya kudumu, hakuna kujaa wala kupungua. Msichana anayeambiwa mwili wake una mzunguko anaelewa jambo moja tu, kwamba damu itarudi. Hajaambiwa kwamba katikati kuna kitu kinapanda.

Nilikuwa kwenye gati la Nyamisati nikisubiri boti, kijitabu kikiwa kwenye mkoba na jina la sehemu ya pili bado mstari mtupu. Maji yalikuwa yamekupwa, mitumbwi imelala ubavu kwenye tope. Kina mama wawili waliokuwa na mizigo ya kupeleka visiwani walikuwa wakibishana kama wangojee au warudi, mmoja akasema, "Tungoje tu, mama. Haya ni maji mafu, hata yakijaa hayaji kwa nguvu. Ingekuwa bamvua tungeshaondoka." Hapo nikaona nilikuwa ninatafuta maneno bondeni nikiwa nimekaa juu yake.

Watu wa delta wana msamiati kamili wa mwezi unaopanda na kushuka. Maji hujaa na kupwa kila siku, hilo ni dogo. Juu yake kuna mwendo mkubwa zaidi: bamvua, maji makubwa yanayokuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yanayoingia hadi vijito vya ndani kabisa ya mikoko, na katikati yao maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila mkulima wa mpunga, mvuvi wa kamba na mpakizi wa nguzo za mikoko anaishi kwa hesabu hiyo. Hakuna asemaye bamvua ni ugonjwa, wala maji mafu ni aibu.

Sasa linganisha na homoni. Estrojeni huanza chini siku za damu, hupanda polepole, hufika kileleni siku moja au mbili kabla ya yai kutoka, hushuka ghafla, kisha hupanda tena mara ya pili, kilima kifupi zaidi, ikiwa pamoja na projesteroni, halafu zote mbili hushuka na damu ikaja. Mara mbili kwa mwezi, bamvua kubwa na bamvua dogo. Nilichora mstari huo kwa kalamu pale pale gatini na mmoja wa wale kina mama akaniuliza kama ninajifunza unahodha.

Lazima niseme wazi, na kwenye kijitabu niliandika kwa herufi nzito: huu ni mfano, mbalamwezi haiutawali mwili. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, nao haubadiliki sana. Hedhi ya mtu mzima inaweza kurudi baada ya siku 21 au 35 na ikawa salama kabisa, na kwa msichana aliyevunja ungo juzi inaweza kuchukua hata siku 45 kabla mwili haujazoea. Mwanamke hasubiri mwezi mpevu ili ajue hali yake. Anahesabu mwenyewe, tangu siku ya kwanza ya damu. Na hapa lugha yetu inatega mtego mwingine. Kwa kuwa tunasema "nimemaliza siku zangu", wasichana wengi huanza hesabu siku damu inapokatika, na hesabu yote inakuwa imeteleza kwa siku tano.

Kupevuka ni neno ambalo ningelitetea mbele ya baraza lolote la istilahi. Embe hupevuka. Mwezi hupevuka. Msichana hupevuka, na mtu mwenye busara huitwa mpevu. Vitabu vyetu vya afya vimelichukua kwa ajili ya yai, vikafanya vizuri. Tatizo ni dogo ila linafaa kurekebishwa: yai kupevuka na yai kutoka kwenye ovari ni matukio mawili. Kwanza linapevuka kwa siku kadhaa, kisha linatoka, na kutoka ndiko kunakogawa mwezi. Embe lililopevuka bado liko mtini. Niliandika "yai pevu linapotoka", nikaacha hapo.

Nikarudi kwenye ngozi. Hapa sina budi kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilijiita "ngozi ya mafuta". Nilisoma maneno hayo kwenye chupa niliyonunua duka moja la vipodozi nikiwa msichana, muuzaji akanithibitishia, nami nikaanza kuosha uso mara tano kwa siku kwa sabuni kali, mwezi mzima, bila kupumzika. Wiki moja uso ulitulia. Wiki mbili zilizofuata uliwaka, ukababuka, ukapauka kama udongo wa kiangazi. Nikaambiwa basi mimi ni "ngozi ya mchanganyiko". Nikanunua chupa nyingine.

Chupa zinasema kwa nomino. Ngozi kavu, ngozi ya mafuta, ngozi laini: kama kabila, umezaliwa nayo. Bibi hakuwahi kunena hivyo hata siku moja. Alinitazama akasema "uso umepauka", au "umenawiri leo", au "uso unang'aa mafuta", au "vimechachamaa hivyo vipele, usivitie mkono". Vyote vitenzi. Na hilo "-me-" analolitia katikati lina elimu nzima ndani yake: umepauka, maana yake haukuwa hivyo, umefikia hapo, na unaweza kuondoka hapo. Kiswahili kinayo familia kubwa ya vitenzi vya aina hii vinavyoonyesha hali iliyofikiwa, kupauka, kubabuka, kuchubuka, kupevuka, kusinyaa, na sehemu kubwa yake inaweza kutumika kwa ngozi. Lugha yenyewe inaamini kwamba ngozi ni mwendo. Wataalamu wa ngozi nao sasa wanashauri jambo lile lile kwa mwanamke anayeona uso wake unabadilika: atazame kalenda kabla hajatazama chupa.

Basi zile siku zisizo na jina nikazipa vitenzi.

Siku za damu na moja mbili baadaye, uso umepauka. Estrojeni iko chini, ngozi haishiki maji vizuri, na inauma upesi ikiguswa. Deltani jambo hili lina uzito wake, kwa sababu maji ya visima vingi yana chumvi, na sabuni haitoi povu. Mtu huongeza sabuni, huzidi kusugua, na ngozi iliyokwisha kupauka hubambuka. Ushauri wa kijitabu ni mwepesi: osha kwa maji ya mvua au ya bomba kama yapo, sabuni ya kawaida isiyo kali, paka mafuta mepesi uso ukiwa bado na unyevu.

Kisha uso hunawiri. Kunawiri kuna nuru ndani yake, na hizi ndizo siku watu wanapomuuliza mtu amekula nini. Estrojeni inapanda, ngozi imejaa maji, inavumilia. Kama mtu anataka kusugua uso kwa liwa au kujaribu dawa mpya, ajaribu sasa, maana ngozi ina subira. Sina la kuongeza. Wakati wa raha hauhitaji maelezo marefu.

Baada ya yai kutoka ndipo uso unapoanza kung'aa mafuta, na wiki ya mwisho, homoni zinaposhuka, ndipo unapochachamaa. Kila mwanamke anazo kiasi kidogo zile homoni ziitwazo za kiume. Estrojeni ikiwa juu, sauti yake inazifunika. Ikishuka, zinasikika, na tezi za mafuta zilizo chini ya vinyweleo huzitii. Mafuta huongezeka, vinyweleo huziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria waliokuwa wakiishi humo kwa amani huneemeka, na mwili hujibu kwa wekundu na usaha. Hiyo ndiyo chunusi, yule wa chini ya maji, na njia aliyopitia yote inajulikana. Mara nyingi hukaa kidevuni na kwenye taya. Siku hizi ni za kuacha mambo mengi: kuacha kusugua, kuacha kukamua, kuacha kupaka mafuta ya nazi usoni hata kama mwili mzima unayapenda, kwani kwenye uso wenye chunusi huziba zaidi. Kuosha mara mbili kwa siku kunatosha. Dawa ya benzoili peroksaidi inayouzwa maduka ya dawa husaidia wengi, ikipakwa kidogo, na mtu atumie foronya ya zamani, maana hutoa rangi kwenye kitambaa.

Na usemi wa vijiweni kwamba msichana mwenye chunusi ana tamaa ya mwanamume, huo niliuandikia aya nzima katika kijitabu. Umewafanya wasichana waufunike uso kwa mtandio darasani. Mtoto wa miaka kumi na minne ambaye tezi zake za mafuta zimeamka hana la kujibu mbele ya mtu yeyote.

Ipo pia lugha ya mkorogo, na mkorogo nao ni kitenzi kilichogeuzwa nomino: kukoroga. Mtu anakoroga krimu tatu ili awe mweupe, au ili madoa ya chunusi yapotee. Madoa hayo hupungua yenyewe kwa miezi, yakikingwa na jua. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo hupatikana, pamoja na krimu za steroidi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Steroidi hutuliza uso kwa wiki chache kisha huifanya ngozi yake iwe nyembamba na kuiletea chunusi mpya ambazo hazifuati mwezi wowote. Binti akiniambia chunusi zake hazina bamvua wala maji mafu, zipo tu siku zote, swali langu la kwanza ni anapaka nini. La pili ni kama hedhi yake inaruka miezi na nywele zinamwota kidevuni, kwa sababu hapo anahitaji kwenda kituo cha afya na si dukani.

Ilibaki istilahi moja, jina la nusu ya pili ya mwezi. Wataalamu huiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya njano. Yai likishatoka, mahali lilipokuwa hugeuka kuwa tezi ndogo yenye rangi hiyo, na jina lake la kisayansi ni la Marcello Malpighi, Mwitaliano wa karne ya 17. Tezi hiyo ndiyo inayotoa projesteroni. Huishi siku kumi na nne hivi, ikifa homoni hushuka, na damu huja. Nimeona mahali pengine jina lake likiachwa Kilatini vilevile, kama kwamba Kiswahili hakina rangi.

Kiswahili kina manjano. Ni kiungo cha mchuzi na ni kipodozi cha mwali kwa wakati mmoja. Nikaandika "mwilimanjano", na nusu ya mwezi nikaiita "siku za manjano", mkabala na "siku za kupevuka" zinazotangulia. Sikuwa na hakika kama nimetunga neno au nimecheza na neno, kwa hiyo nilikwenda nalo kwenye shule moja ya Kibiti, nikaandika ubaoni mstari wa bamvua mbili, nikaweka majina chini yake.

Wasichana walinakili kimya. Mmoja wa nyuma, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hizo siku za manjano, ndizo zinazotoa chunusi?"

"Ndizo hizo, hasa zinapoishia."

Alihesabu kwa vidole chini ya dawati. Nilimwona akirudi nyuma, akaanza upya, safari hii kutoka siku ya kwanza. Kisha akamgeukia mwenzake, akanong'ona kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, "Kumbe zangu zinaisha Alhamisi."